Ruzuku ya Kichwa na Mzigo wa Kichwani

Mwaka 2018, mwaka mmoja kabla sijastaafu ualimu, mkuu wa shule yetu aliniomba nikamtafute mwanafunzi wa kidato cha kwanza ambaye alikuwa hajaonekana darasani kwa siku 17. Shule hiyo ni ya kata, iko katika ukanda wa tambarare kusini mwa mji wa Moshi, na mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma, kwa hiyo habari za wanaokuja na wasiokuja zilikuwa zangu. Nilimkuta juu ya dungu katikati ya mpunga uliokuwa umeanza kuingia maziwa, ana kopo la kokoto mkononi na kombeo shingoni, akiamia ndege. Bibi yake alikuwa kwenye tuta la mfereji. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akaniambia bila hata kusubiri nieleze nilichofuata: "Mwalimu, najua umemfuata huyu. Shamba ni la kukodi, na kodi nalipa kwa magunia. Nikikupa mtoto leo, hadi Jumapili kwelea kwelea watakuwa wamemaliza, na hapo hatutakuwa na magunia, chakula wala daftari."

Sikuwa na jibu. Nimefundisha zaidi ya miaka 30, na katika miaka yote hiyo nilikuwa na maneno tayari kwa mzazi anayemzuia mtoto kusoma, lakini yule mama hakuwa anamzuia. Alikuwa amepiga hesabu ambayo mimi mwenyewe ningeipiga vilevile kama ningekuwa nimesimama kwenye tuta lile nikiwa na wajukuu watatu wa kulisha. Niliporudi shuleni nilichukua madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu, nikaketi nayo jioni mbili mfululizo, na nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote: wiki zilezile, karibu majina yaleyale, kutoka vitongoji vilevile. Nilihesabu wanafunzi 31. Daftari lilikuwa limewaandika watoro, ingawa kila mmoja wao alikuwa na mahali alipotakiwa kuwepo na kazi aliyopewa na watu wazima wanaompenda.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiria swali moja, nami nataka kuliandika hapa kwa urefu kwa sababu linazungumzwa mara chache nje ya vikao vya maofisa: serikali inapotoa ruzuku kwa shule, inamhesabuje mtoto ambaye anakuja shuleni na mzigo mzito kuliko wenzake? Na pale walimu wanapobuni njia ya kumsaidia mtoto huyo, njia ambayo haimo katika mwongozo wowote, fedha ya kuijaribu inatoka wapi?

Kwa wasiofahamu, ruzuku ya uendeshaji, ambayo sisi walimu tunaiita kapitesheni, hutolewa kwa idadi ya vichwa. Ilianza na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, mwaka 2002, kwa kiwango cha dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, ambazo wakati huo zilikuwa sawa na takribani shilingi 10,000. Kiwango hicho cha shilingi kikabaki palepale huku thamani yake ikishuka, hata leo shilingi 10,000 hazifiki dola tano. Kwa sekondari kiwango kiliwekwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ulipotoka Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliofuta ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016, serikali ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na kwa sekondari ikaongeza fidia ya ada ya shilingi 20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa. Sehemu ya kapitesheni hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu: katika shule za msingi shilingi 4,000 kati ya zile 10,000, na katika sekondari nusu ya zile 25,000.

Nataka niseme wazi kwamba ule utaratibu wa kupeleka fedha moja kwa moja shuleni ni miongoni mwa mambo mema niliyoyaona katika utumishi wangu. Kabla yake, fedha zilipita mikono mingi na zilitufikia zikiwa pungufu, wakati mwingine robo mbili za mwaka zikipita kimya. Baada ya mwaka 2016, mkuu wa shule aliweza kujua kiasi kinachokuja na lini kinakuja, na watoto ambao zamani wangerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada walibaki darasani. Hilo sitaki mtu alidharau.

Lakini hesabu ya vichwa ina upofu wake. Shule yenye wanafunzi 412, kama yetu ilivyokuwa, hupata kapitesheni, ukiacha ile fidia ya ada, ya shilingi 12,500 mara 412, yaani shilingi 5,150,000 kwa mwaka, ambazo ni kama shilingi 429,000 kwa mwezi kwa chaki, karatasi za mitihani, matengenezo, umeme, maji na safari za mkuu wa shule kwenda halmashauri. Fedha hizo huja zimekwisha kugawanywa kwa mafungu na asilimia. Mtoto anayeishi umbali wa mita 200 kutoka shuleni, ambaye baba yake ni mtumishi na nyumbani kuna taa na meza, ana thamani ileile katika hesabu hiyo na mtoto wa dungu anayetembea saa moja na nusu, ambaye alimaliza darasa la saba akisoma Kiswahili kwa kusitasita na sasa anatakiwa kusoma Fizikia kwa Kiingereza. Usawa huo ni wa karatasi. Kichwa ni kimoja kwa kila mtoto, ila mzigo uliowekwa juu yake haulingani.

Na hapa kwetu Kilimanjaro upofu huo unazidi kwa sababu ya sifa. Mkoa huu unajulikana kwa shule. Watu wa mlimani walijenga shule kwa fedha za kahawa tangu zama za chama cha wakulima wazalendo kilichoanzishwa mwaka 1925 na baadaye chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, na makanisa nayo yalijenga nyingi, hata mzazi wa Marangu au wa Machame alizoea kwamba shule iko upande wa pili wa mgomba. Ukanda wa tambarare una historia nyingine. Kule Mabogini, Chekereni na Kahe watu wengi walifuata mpunga, hasa baada ya skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, na wengine walifuata kazi za mashamba ya miwa, na familia nyingi zinaishi kwa vibarua na mashamba ya kukodi. Wastani wa mkoa unapochukuliwa, mlima unaifunika tambarare. Nimewahi kukaa mbele ya mtu wa shirika moja la ufadhili ambaye, nilipomweleza ninatoka Moshi, alifunga daftari lake kwa upole akasema, "Mwalimu, Kilimanjaro ninyi mna shule tele." Alikuwa sahihi kuhusu mkoa. Kuhusu wale 31 hakuwa na taarifa yoyote, kwa kuwa hakuna fomu aliyopelekewa iliyokuwa na mahali pa kuwaandika.

Baada ya kile kisa cha dungu, walimu watatu tulikaa na mkuu wa shule tukaandika mpango. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Kama ndege hawahami, basi shule ihamie shambani kwa wiki nne za msimu, mara mbili kwa mwaka. Tungetayarisha vijitabu vya masomo manne, yaani Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na Biolojia, vyenye mada zilezile zinazofundishwa darasani wiki hizo, vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na maelezo ya Kiswahili pembeni. Ndege hushambulia zaidi asubuhi na jioni, na jua la saa sita hadi saa tisa huwatuliza, kwa hiyo vijana wawili wa mtaani waliomaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri wangewakusanya watoto chini ya mkuyu kwa saa hizo tatu, wakala makande, wakasoma. Mwalimu angepita mara mbili kwa wiki kusahihisha na kuona nani amekwama.

Gharama tuliipiga kwa uangalifu, kwa kuwa mwalimu wa Hisabati alikuwa mkali. Posho ya vijana wawili kwa misimu miwili, shilingi 600,000. Kuchapa vijitabu kwa watoto 31, shilingi 744,000. Makande kwa siku 40, shilingi 700 kwa mtoto, jumla shilingi 868,000. Nauli za bodaboda za walimu, shilingi 192,000. Jumla kuu ilikuwa shilingi 2,404,000, sawa na shilingi 77,500 hivi kwa kila mtoto kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya kapitesheni yake nzima. Katika mafungu ya ruzuku hapakuwa na fungu la jambo kama hilo, na mkuu wa shule ambaye angelilazimisha angekuwa anajitafutia hoja ya ukaguzi. Kuwachangisha wazazi kulikuwa na masharti yake baada ya elimu bila ada, na hata kama kusingekuwa na masharti, wazazi wenyewe ndio wale wanaolipa kodi kwa magunia.

Tukapeleka andiko kwenye mfuko mmoja uliotangaza kwamba unafadhili ubunifu katika elimu kwa watoto walio katika mazingira magumu. Fomu ilikuwa na kurasa 26, yote kwa Kiingereza. Iliomba hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, mtaalamu wa ufuatiliaji na tathmini mwenye shahada ya uzamili, na mchango wa mwombaji wa asilimia 20 ya gharama, yaani shilingi 480,800 kutoka shule ambayo kapitesheni yake ya mwezi haikufika hapo. Iliuliza pia ni kwa namna gani mradi wetu utawafikia watoto 5,000 ndani ya miaka mitatu. Sisi tulikuwa na 31. Tulijibu ukweli, na miezi mitano baadaye tukapata barua fupi ya kutushukuru kwa kushiriki.

Sikuandika haya kwa ajili ya kumlaumu mtu. Nimeeleza kwa sababu baadaye, nilipokuwa nimestaafu na nikapata muda wa kusoma, niligundua kwamba kikwazo tulichokutana nacho hakikuwa chetu peke yetu, na kwamba hata nchi tajiri kabisa ilipojaribu kufadhili ubunifu kwa njia ya ushindani ilikutana na mambo yanayofanana nacho.

Marekani, katika sheria ya kufufua uchumi iliyosainiwa Februari 2009, serikali ya shirikisho ilitenga dola milioni 650 kwa Mfuko wa Kuwekeza katika Ubunifu, uliofahamika kwa kifupi kama i3, chini ya Wizara ya Elimu. Lengo lilikuwa kuwasaidia wanafunzi wenye uhitaji mkubwa, na nilipenda jinsi walivyowataja: walio katika umaskini, walio nyuma sana ya darasa lao, waliowahi kuacha shule, wasio na makazi, wanaolelewa na familia zisizo zao, waliowahi kufungwa, wenye ulemavu, na wanaojifunza lugha ya kufundishia. Hilo la mwisho nililisoma mara mbili, maana kwa kipimo hicho karibu kila mtoto wa kidato cha kwanza katika shule ya kata Tanzania ana uhitaji mkubwa.

Mfuko huo ulipanga fedha kwa ngazi za ushahidi. Wazo jipya lenye hoja ya kuridhisha liliweza kuomba hadi dola milioni 5. Wazo lililokwisha kupimwa kwa kiasi, hadi dola milioni 30. Na lile lenye ushahidi mzito na lililo tayari kusambazwa, hadi dola milioni 50. Naona busara kubwa hapo, kwa sababu wazo changa halikudaiwa uthibitisho ambao lisingeweza kuwa nao. Kila aliyepewa fedha alitakiwa pia kufanyiwa tathmini na mtu wa nje. Lakini katika awamu ya kwanza, mwaka 2010, waombaji walikuwa karibu 1,700 na washindi 49, na kila mshindi alitakiwa kutafuta mchango wa sekta binafsi wa asilimia 20 ndani ya wiki chache. Wote 49 walifanikiwa, ila ni rahisi kuona ni mwombaji wa namna gani anayeweza kukusanya fedha hizo kwa wiki chache: mwenye ofisi, mwenye wahasibu, mwenye kufahamiana na matajiri. Miaka iliyofuata sharti hilo lililegezwa, na mpango uliorithi mfuko huo kwa sheria ya Desemba 2015 ukawekewa lazima ya kutenga angalau robo ya fedha kwa maeneo ya vijijini, jambo ambalo nadhani lilitokana na uzoefu wa kuona vijiji vikiachwa.

Kisha yakaja matokeo. Wizara yao ilipochapisha muhtasari wa tathmini 67 za miradi hiyo mwaka 2018, ni miradi 12 tu iliyopata ushahidi wa kuinua matokeo ya kitaaluma ya wanafunzi. Wapo waliosema fedha zimepotea. Mimi ninasoma namba hiyo kwa namna tofauti, pengine kwa sababu nimekuwa mwalimu. Mtu akijaribu njia mpya 67 za kumfundisha mtoto aliyeshindwa na njia za kawaida, na 12 zikafanya kazi kwa ushahidi, amepata njia 12 ambazo hakuwa nazo, na amejua pia zile 55 ambazo hazijathibitika ili asizisambaze nchi nzima kwa mbwembwe. Kilichonisikitisha ni kwamba huku kwetu hatuna hata namba ya kubishania. Miradi huja, huzinduliwa, hupigwa picha, huisha, na hakuna anayeandika kwa uwazi kwamba huu ulifaa na ule haukufaa.

Nikisema hatuna, sina maana kwamba hatujawahi kufanya lolote, kwani mfano bora ninaoufahamu ni wetu wenyewe. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, MEMKWA, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya chache za majaribio kwa ushirikiano wa serikali na UNICEF, ukawakusanya watoto waliopitwa na umri wa kuanza darasa la kwanza, ukawafupishia mtaala, ukawafundisha kwa saa zinazolingana na maisha yao, na ukawarudisha katika mfumo rasmi. MMEM ilipoanza ukapelekwa nchi nzima. Nilifahamu mwezeshaji mmoja wa MEMKWA aliyekuwa akifundishia chini ya mwembe, na wanafunzi wake wawili niliwapokea baadaye kidato cha kwanza. Mpango ulipungua nguvu kadiri malipo ya wawezeshaji yalivyokuwa ya kusuasua, kwa kuwa mtu hawezi kufundisha miaka kwa posho isiyofika. Ubunifu ulikuwepo, ushahidi ulikuwepo machoni mwa watu, lakini fungu la kudumu halikuwepo.

Upo pia utafiti mkubwa uliofanyika hapa nchini mwaka 2013 na 2014, unaofahamika kama KiuFunza, ambao shirika la kiraia la Twaweza liliushughulikia pamoja na wachumi wa vyuo vya nje. Shule za msingi 350 katika wilaya 10 ziligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi zilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi bila kupungua, baadhi walimu wake waliahidiwa malipo kwa kila mtoto anayefaulu jaribio la kusoma na kuhesabu, baadhi zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata chochote ili ziwe za kulinganishia. Shule zilizopata ruzuku peke yake zilitumia fedha hizo, vitabu vikanunuliwa, lakini baada ya miaka miwili ufahamu wa watoto haukutofautiana na wa shule zisizopata kitu. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda kwa wazi, kupita hata ungejumlisha matokeo ya kila kimoja peke yake.

Matokeo hayo yaliniuma nilipoyasoma, kwa sababu nilikuwa mmoja wa wanaoamini kwamba tatizo la shule zetu ni fedha na fedha peke yake. Nikakumbuka kabati letu la vitabu, jinsi tulivyolifunga kwa kufuli ili vitabu visiharibike, na jinsi vilivyobaki vipya. Fedha inayoingia shuleni bila mtu mwenye sababu na nafasi ya kuigeuza kuwa kujifunza hubaki kuwa mali ya shule. Sidhani kwamba jibu ni kumlipa kila mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu, kwani nahofia mtoto wa dungu ndiye angeachwa wa kwanza, akiwa mgumu kufaulishwa. Ninachochukua pale ni kwamba ruzuku lazima imkute mtu aliye tayari kufanya jambo mahususi kwa mtoto mahususi, na mtu huyo awe amelipwa jasho lake.

Serikali imekwishaonyesha kwamba inaweza kubadili namna ya kutoa fedha. Mpango wa Lipa kwa Matokeo katika elimu, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Benki ya Dunia, Uingereza na Sweden, uliifundisha mifumo yetu kupokea fedha baada ya kuthibitisha kilichofanyika. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, wa dola milioni 500 za mkopo ulioidhinishwa mwaka 2020, umejenga shule katika kata zisizokuwa nazo na umefungua njia mbadala kwa wasichana waliokatiza masomo. Na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 uliwaruhusu waliokatiza, wakiwemo waliopata ujauzito, kurudi katika shule rasmi. Hizo ni hatua kubwa, na nimeona kwa macho yangu msichana aliyerudi. Ila mengi ya haya hupangwa juu na kushuka chini yakiwa yamekamilika. Mwalimu anayeona wiki zipi watoto hupotea, na kwa nini, hana mlango wa kupandishia wazo lake.

Ningeulizwa na wanaopanga bajeti, ningeomba kwanza kwamba hesabu ya kapitesheni iache kuhesabu vichwa peke yake. Taarifa tunazo tayari: kaya zilizo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, zinajulikana kwa majina, wanafunzi wenye ulemavu huandikwa kila mwaka katika takwimu za shule, umbali kutoka kitongoji hadi shule unaweza kupimwa na afisa elimu kata kwa pikipiki yake. Uingereza ilianza mwaka 2011 kuongeza fedha kwa shule kwa kila mwanafunzi anayetoka familia maskini, na kipimo walichokitumia ni cha kawaida tu, yaani mtoto anayestahili chakula cha bure shuleni. Kwetu nyongeza hata ya shilingi 15,000 kwa mtoto wa kaya ya TASAF ingemfanya mkuu wa shule amwone mtoto huyo kama mtu anayekuja na fungu lake, badala ya kumwona kama anayeshusha wastani wa ufaulu.

Jambo la pili ni mfuko mdogo wa majaribio katika ngazi ya halmashauri. Nasisitiza udogo wake. Andiko liwe la kurasa mbili, kwa Kiswahili, likieleza watoto ni akina nani, kinawazuia nini, tutafanya nini, kwa shilingi ngapi, na tutajuaje kama limefaa. Mchango wa shule uhesabiwe kwa saa za walimu na kivuli cha mkuyu, wala usidaiwe kwa fedha taslimu. Tathmini ifanywe na watu walio karibu na wenye ujuzi. Hapa Kaskazini tuna Chuo cha Ualimu Patandi kule Tengeru kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, tuna chuo cha ualimu Marangu, na wanachuo wanaokwenda mafunzo kwa vitendo wangeweza kupima watoto kabla na baada kwa gharama ya nauli. Na mradi usipofaa, mkuu wa shule aandike hivyo bila kuitwa kujieleza. Hili la mwisho naliona gumu kuliko yote, kwa sababu katika utumishi wetu tumezoea taarifa zisizo na kosa.

Yapo pia mambo ya kalenda, ambayo hayazungumzwi ingawa yameua mipango mingi mizuri kuliko ukosefu wa fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mwaka wa masomo huanza Januari. Mpunga nao una miaka yake miwili ndani ya mwaka mmoja. Fedha ikipitishwa Juni, ikaanza kutoka Septemba au Oktoba, ikapitia taratibu za manunuzi, inaweza kuifikia shule mwezi Aprili, na kufikia tarehe 30 Juni iliyobaki inatakiwa irudishwe au iombewe kibali. Shule inayopata fedha Mei hulazimika kununua kinachonunulika haraka, na kinachonunulika haraka ni saruji na madawati. Saa tatu chini ya mkuyu, kwa wiki nne, mara mbili kwa mwaka, haziwezi kununuliwa kwa mkupuo mmoja mwishoni mwa mwaka wa fedha.

Mimi sasa ni mjumbe wa bodi ya shule ileile. Mpango wetu hatukuuacha, tuliupunguza. Mwaka jana tulifanya msimu mmoja kati ya miwili, masomo mawili kati ya manne, kijana mmoja badala ya wawili, na makande yalipikwa na akina mama wa kitongoji kwa zamu, kila mmoja akileta alichonacho. Watoto walikuwa 26. Kati yao 19 walifanya mtihani wa mwisho wa muhula, na mwalimu wa Hisabati, ambaye hajapunguza ukali, amenionyesha karatasi zao moja baada ya nyingine: wanane walifaulu somo lake, na msimu uliotangulia, bila vijitabu, alifaulu mmoja. Hatuna kundi la kulinganishia na hatujui ni kiasi gani kilitokana na vijitabu na kiasi gani na makande. Yule bibi wa dungu, ambaye mjukuu wake alikwishamaliza kidato cha nne na sasa ndiye kijana wetu wa posho, ameomba msimu huu mkutano uhamishiwe upande wa pili wa mfereji, ambako mpunga utatangulia kuiva. Nakala tisa za vijitabu vya Hisabati zimebaki kabatini. Tunahitaji nyingine 22 kabla masuke hayajatoka.